"Indulge": kujidekeza au kupokea rehema?



Huku Masasi na Newala, malipo ya korosho yakishaingia kila mtu anataka kujipongeza. Wengine tunaandika kwa Kiingereza, "indulge", yaani kujidekeza. Kwa lugha yetu ya kijiweni, kula bata. Sasa, rehema za Kanisa nazo kwa Kiingereza huitwa "indulgence". Maneno yote mawili yametoka kwenye Kilatini, indulgere: kumtendea mtu kwa upole. Swali ni je, upole huo unamwendea nani?

Msimu mmoja bibi yangu wa Newala alinipa pesa yake ya korosho nimnunulie simtanki Masasi, akinge maji ya mvua. Mnajua shida ya maji huku juu Makonde. Mimi nikanunua simu, nyama choma na vinywaji vya marafiki. Nikajisemea, nitamrudishia msimu ujao. Bibi hakunigombeza, aliendelea kununua maji ya ndoo. Msimu ujao haukumkuta.

Kujipa raha si dhambi. Yesu mwenyewe aliwaita mitume wakapumzike (Mk 6:31). Dhambi ilikuwa kujidekeza kwa jasho la bibi.

Nilipoungama, padre alinikumbusha: kosa limesamehewa, lakini palipoharibika panahitaji kutengenezwa. Nikanunua simtanki, nikampelekea shangazi anayeishi pale kwa bibi. Na hapo ndipo nilipoielewa rehema. Katekisimu namba 1471 inafundisha kwamba ni ondoleo la adhabu ya muda kwa dhambi ambazo kosa lake limekwisha kufutwa. Haichukui nafasi ya kitubio, wala hainunuliwi.

Tena tunaweza kuwatolea marehemu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, unaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya roho iliyo toharani. Masharti: ungama, komunika, sali kwa nia za Baba Mtakatifu, na usishikamane na dhambi yoyote, hata ndogo.

Novemba ni katikati ya msimu wetu wa korosho. Kabla hujala bata, jiulize: pesa hii ni ya nani, na nani anaisubiri? Halafu pitia makaburini. Mimi nitakuwa kwa bibi.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.