Mapumziko ya Wawili Unguja: Anzeni na Mwezi

Wachumba na wanandoa wengi wanaopanga kwenda kupumzika Unguja huanza na picha za hoteli, kisha nauli, kisha nguo za kuvaa. Mvuvi wa Jambiani angewauliza jambo jingine kabisa: mwezi ni wa ngapi? Mkiijua tarehe ya mwezi mtajua ni saa ngapi mtaogelea, saa ngapi mtatembea juu ya mchanga mtupu, na kama ufukwe mnaoutamani unafaa kwa siku zenu. Nimeona wawili wakilipa pesa nyingi kwa chumba kinachotazama bahari, halafu wakakaa asubuhi nzima wakiitafuta bahari yenyewe. Inauma, kwa sababu jambo hilo lilijulikana mapema.

Kanuni ni hii. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Siku hizo, katika Unguja, maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: tofauti hupungua hadi mita moja hivi, maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mpangilio huu haubadiliki kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwezi tu inatosha kupangia safari ya mwakani.

Sasa uwekeni kwenye ramani. Pwani ya mashariki, yaani Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, imezungukwa na mwamba ulio mbali na ufukwe, na ndani yake maji ni ya kina kifupi. Asubuhi ya bamvua maji hukimbia kilomita nzima au zaidi, hata kuogelea kusiwezekane hadi baada ya adhuhuri. Kaskazini, hasa Kendwa, bahari ina kina karibu na ufukwe, na mnaweza kuingia majini karibu saa yoyote. Nungwi nayo haiko nyuma sana. Kama mna siku tatu tu na kuogelea ndiyo roho ya safari, nendeni Kendwa. Kama mnataka utulivu wa kijiji na matembezi marefu, nendeni mashariki, na mkipenda kuogelea asubuhi chagueni siku za maji mafu.

Mimi ningechagua mashariki, tena wakati wa bamvua. Asubuhi hiyo ufukwe wa Paje au Jambiani ni mahali pa kazi. Kinamama hushuka na mifuko yao kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara katika vijiji hivi mwaka 1989. Vigingi vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kila baada ya kiganja kimoja kimefungwa kichane cha mwani. Mama huinama, hufungua kilichokomaa, hubakisha mbegu na kuifunga tena, na vidole havisimami, kwa sababu maji yatarudi na hayamsubiri mtu. Mbele zaidi, karibu na mwamba, wengine wanatafuta pweza kwa fimbo. Piteni pembeni ya kamba, msizikanyage. Salimieni kwanza: "Shikamoo mama, pole na kazi." Picha iombeni, na mkikataliwa shukuruni muendelee. Mkitaka kununua, sabuni ya mwani inatengenezwa huko huko na ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani.

Matembezi hayo yana masharti machache ya usalama. Tokeni wakati maji yangali yanashuka, na geukeni yanapofika mwisho wa kupwa, kabla hayajaanza kurudi. Maji ya bamvua hurudi kwa kasi na hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu. Vaeni yeboyebo au viatu vingine vya plastiki, maana kwenye majani na mawe kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni. Na msiogelee kwenye mlango, ile nafasi iliyo kati ya miamba ambapo mashua hupita, hasa maji yanapotoka: maji yote ya ndani hukimbilia hapo, na hata mwogeleaji hodari huvutwa nje. Kabla ya kuingia majini ufukwe msioujua, muulizeni nahodha au kijana wa mashua. Jibu lake ni bora kuliko maelezo ya simu.

Kuhusu majira, Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto kali, na mwishoni mwa mwaka wageni hujaa na bei hupanda. Masika hunyesha Machi hadi Mei; hoteli nyingine hufunga, zilizobaki hushusha bei. Juni hadi Septemba ni kusi, hewa ya baridi kidogo lakini upepo hupiga sana pwani ya mashariki, jambo linalowafurahisha wanaocheza na vishada vya majini pale Paje. Vuli huja mnamo Novemba. Kwa wawili wanaotaka kupumzika, mwisho wa Septemba na Oktoba, kusi linapolegea na mvua haijaanza, ni wakati mzuri kuliko yote.

Kaeni mahali pamoja. Siku nne zikigawanywa kati ya Nungwi, Paje, Kizimkazi na mjini zinaishia barabarani. Ufukwe mmoja, na usiku mmoja Mji Mkongwe, vinatosha. Mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jioni yake pale Forodhani, kwa urojo, mishikaki na juisi ya miwa, haihitaji mwongozaji. Mkipata nafasi ya siku moja, pitieni msitu wa Jozani mwone kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake.

Mkikodi mashua, kila mmoja avae jaketi la kuokolea kabla ya kung'oa nanga. Nahodha asiye nalo, mwacheni. Kizimkazi kuna pomboo: kubalianeni mapema kwamba hamtawafukuza wala kuwarukia. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, nacho kiangalieni kikiwa majini, maana kukiinua juu kwa ajili ya picha hukiumiza na hata kukiua.

Unguja ni nchi ya Waislamu kwa wingi mkubwa. Nguo za kuogelea ni za ufukweni; kijijini na mjini funikeni mabega na magoti, kanga moja begani inamaliza kazi. Kubusiana hadharani kuacheni. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana, hotelini mtahudumiwa. Nyumba za wageni za kifamilia huweza kuwauliza kama mmeoana, hivyo wenye cheti cha ndoa wabebe nakala yake.

Watanzania mbebe kitambulisho, kwani tiketi ya boti hutolewa kwa jina. Wanaotoka nje wabebe pasipoti, na wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwamo, wabebe cheti cha chanjo. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni wa kigeni wanatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, basi wahakikishe masharti yanayowahusu kabla ya kuondoka. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Mkiweka nafasi hotelini ulizeni bei ya mkazi, kwa sababu mara nyingi ipo lakini haitajwi hadi iulizwe. Toeni fedha taslimu mjini, maana vijijini mashine ni chache. Daladala namba 309 huenda Jambiani, namba 116 huenda Nungwi.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Kaeni chini, katikati ya chombo, na anayetapika ameze dawa mapema, si wakati mawimbi yameshaanza. Na kama mna ndege ya kupanda Dar es Salaam, vukeni siku moja kabla yake. Upepo ukizidi boti huchelewa au husitishwa, na hakuna fidia ya ndege iliyowaacha.