Umetoka Gereji, Breki Hazishiki? Fanya Hivi

Umelipa, umepewa ufunguo, unatoka Busia kuelekea Tororo. Kabla hujafika mbali, gari linavuta upande mmoja, au unakanyaga breki na pedali inazama. Usiseme "nitafika tu." Huku ni njia ya matrela ya mpakani, na trela haliwezi kukukwepa kwa ghafla. Simama.

Breki zikikataa kabisa, kanyaga na kuachia pedali haraka haraka. Mara nyingine nguvu kidogo hurudi. Shusha giya moja moja. Kama gari ni automatiki, peleka kwenye 2 au L. Hendibreki ivute polepole, maana ukiivuta kwa ghafla magurudumu ya nyuma yatajifunga na gari litateleza. Injini usiizime gari likiwa bado linakwenda. Usukani utakuwa mzito wakati unauhitaji zaidi.

Ukishasimama, washa hazadi na utoe abiria wote wasubiri mbali na lami. Weka pembetatu hatua 50 au zaidi nyuma ya gari. Usiku, usisimame nyuma ya gari kupiga simu.

Sasa amua kama gari linaweza kuendelea. Redio isiyolia inaweza kusubiri. Breki, usukani, magurudumu na harufu ya petroli havisubiri. Na kama breki hazipo, usikubali kuvutwa kwa kamba: hutakuwa na cha kulizuia gari lisimgonge anayekuvuta. Tafuta brekdauni ya kubeba gari, au fundi akufuate hapo ulipo.

Unapomsubiri, fanya kipimo hiki mahali tambarare. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama taratibu chini ya mguu, mafuta ya breki yanavuja mahali au silinda kuu imechoka. Ikiwa laini kama sponji, yaelekea kuna hewa ndani. Kisha inama uangalie upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona unyevu wa mafuta unaoshuka kwenye tairi, umepata pa kumwonyesha fundi.

Gurudumu lililofunguliwa gereji likianza kutikisika, shuka na wilispana. Nati hukazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, si kwa kuzunguka. Hata zikiwa sawa leo, zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Usiruhusu mtu yeyote afungue kitu kabla hujapiga picha. Ipige picha sehemu yenye tatizo, namba ya gari na kilomita kwenye dashibodi. Rekodi video ya sauti au ya pedali inavyozama. Hifadhi risiti, meseji ya M-Pesa au ya mobile money, na mazungumzo yenu ya WhatsApp. Spea yoyote itakayotolewa, ichukue wewe.

Kisha tafuta fundi wa pili. Usimwambie nani alifanya kazi wala ulilipa ngapi. Muulize mambo matatu: kimeharibika nini, kwa sababu gani, na je, gari linafaa kuendeshwa? Majibu ayaandike kwenye karatasi, aweke tarehe, sahihi na namba ya simu.

Ukiwa na karatasi hiyo, zungumza na mwenye gereji mwenyewe, si kijana aliyeshika spana. Ongea kwa utulivu: "Kazi imerudi na kasoro hii. Naomba irudiwe bila malipo au unirudishie pesa." Mpe siku ya mwisho, kisha umtumie maneno hayo hayo kwa meseji ili yabaki. Jiandae kwa hoja moja: kama spea ulinunua wewe, atasema spea ilikuwa feki. Risiti ya dukani ndiyo jibu lako.

Jambo hili limalize upande ule ule wa mpaka kazi ilikofanyika. Ukishavuka, fundi hatakufuata, na hata mahakama itakuwa ya nchi nyingine. Mkikubaliana kurudishiwa pesa, andikeni ni shilingi za wapi. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za Uganda, kwa hiyo "elfu thelathini" peke yake ni ugomvi mwingine.

Kama gari ni la Kenya na limekwama Uganda, angalia tarehe ya kibali chako cha kuingiza gari kwa muda. Nenda ofisi ya forodha ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla siku hazijaisha, ukiwa na barua ya gereji. Kadi ya njano ya COMESA usiitegemee hapa. Hiyo ni bima ya madhara utakayowasababishia wengine, haimlipi mtu kwa kazi mbovu ya fundi.

Mwenye gereji akigoma, mahakama ya madai madogo ipo. Kenya, chini ya sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Uganda kuna utaratibu wa namna hiyo tangu 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Anza kwa karani wa mahakama; atakuambia kama dai lako linaingia humo na ni fomu ipi ya kujaza. Mtu akiumia, hiyo si kesi ya gereji tena. Ripoti polisi, na gari lisiguswe hadi likaguliwe.

Safari ijayo, jilinde mapema. Andikisha kazi, bei na jina la spea kabla bonati haijafunguliwa. Omba spea za zamani. Lipa sehemu tu, na iliyobaki umalizie baada ya kulijaribu gari barabarani, fundi akiwa amekaa kando yako. Akisita kupanda, na wewe usilipande.