Mbuzi wa Anna



Leo tufungue Kitabu cha Tobiti. Kama Biblia yako ina vitabu 66 tu, humo hutakikuta. Azima ile ya vitabu 73. Wengi wetu tunakijua kwa sababu ya sala ya Tobia na Sara usiku wa ndoa yao, maana ni moja ya masomo yanayoweza kusomwa kwenye Misa ya ndoa. Mimi naomba tukae kwenye sura ya pili, ambako hakuna arusi. Kuna mume na mke wanagombana kwa sababu ya mbuzi.

Tobiti ni mtu wa kabila la Naftali, yuko uhamishoni Ninawi. Ni mcha Mungu kweli kweli: anawalisha wenye njaa, anawazika ndugu zake waliouawa, na kwa ajili hiyo alishawahi kunyang'anywa mali yote. Sikukuu ya Pentekoste akamzika mtu mwingine, usiku akalala uani kando ya ukuta, na kinyesi cha shomoro kikamdondokea machoni. Waganga kila walivyozidi kumpaka dawa, ndivyo alivyozidi kutoona. Miaka minne ya upofu. Ndugu yake Ahikari alimtunza miaka miwili, kisha akahama. Anna, mkewe, alikuwa akifuma kwa ujira.

Siku moja waliompa kazi wakamlipa ujira wote na kumwongezea mwanambuzi. Tobiti hamwoni, anamsikia tu akilia. Anauliza katoka wapi, isije ikawa ni wa wizi. Anna anamwambia ni zawadi. Hasadiki, anazidi kumwambia amrudishe kwa wenyewe. Mpaka Anna anachoka, anamuuliza sadaka zake na mema yake yote yamemfikisha wapi.

Mara ya kwanza kusoma kifungu hiki kwa makini nilikuwa likizo nyumbani, mwaka wa pili wa falsafa. Baba alikuwa dereva wa lori. Mgongo ukaharibika, kazi ikaisha. Mama akaanza kuamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza stendi. Jioni moja akarudi na mfuko wa mchele wa kilo 25 na sare mpya ya mdogo wangu. Baba akauliza bila kugeuka: "Hela ya vyote hivyo umeitoa wapi?" Ilikuwa gawio la kikoba chao. Mama akaeleza. Baba akarudia swali lile lile. Mama akasema neno kuhusu nani anayeilisha nyumba hii, akaingia jikoni.

Mimi, frateri wa watu, nikafanya kosa ambalo msomi wa falsafa hulifanya kirahisi: nikamwonyesha baba, hatua kwa hatua, kwamba hoja yake haina mantiki. Nilikuwa sahihi kabisa. Baba hakusema nami siku tatu.

Usiku ule nilisoma Tobiti 2:11-14 nikaona kitu nilichokiruka darasani. Tobiti si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kutoa, sasa kila anachokula ameletewa. Hana macho, hana kazi; kilichobaki mkononi ni uadilifu wake, basi anaushika kama fimbo, na anayechapwa nayo ni mke.

Angalia pia Kiswahili chetu. Imani, uaminifu, amana: yote ni mzizi mmoja. Tobiti alikuwa ameweka amana ya talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, mbali huko Umedi, miaka mingi. Yaani anamwamini mtu wa mbali kwa fedha yote hiyo, halafu mke wa nyumbani hamwamini kwa mbuzi mmoja! Tusimcheke haraka. Wa mbali hakuoni ukiwa umeanguka. Wa ndani anakuona kila siku.

Sura ya tatu Tobiti analia na kumwomba Mungu afe. Siku hiyo hiyo, kule Ekbatana, binti aitwaye Sara anafikiria kujinyonga, kisha anamkumbuka baba yake, anaacha, anasali. (Kama umefika mahali pa Sara, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo, kabla hata hujamaliza kusoma.)

Sasa sura ya nne. Tobiti anadhani kifo kimekaribia, anamwita Tobia. Anaanza na maziko yake, halafu papo hapo: mheshimu mama yako, usimwache maisha yake yote, kumbuka hatari alizopitia akiwa na mimba yako, na akifa mzike nami kaburi moja. Huyo huyo wa mbuzi! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alimwomba radhi. Nimetafuta. Kuna kaburi moja tu, na sura ya tano, Anna anapolia kwa sababu kijana anatumwa safari ya kufuata ile fedha, Tobiti anamtuliza akimwita dada. Sura ya kumi wanabishana tena. Hawajawa watu wengine. Wamebaki nyumba moja, wakimngoja mtoto mmoja.

Mwisho wa likizo ile nilimwambia mama nataka kuacha seminari nitafute kazi. Nilidhani huo ndio uaminifu kwa familia. Alikuwa anakanda unga, hakunyanyua kichwa: "Mwanangu, Mungu hakukuita kwa sababu baba yako alikuwa na lori." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina uhakika kama nilirudi kwa imani au kwa kukosa jibu. Kila ada inapolipwa najua ni maandazi mangapi.

Desemba iliyofuata niliamka alfajiri nimsaidie. Nikamkuta baba amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, anahesabu maandazi kumi kumi na kuyapanga kwenye ndoo. Nikamuuliza mama pembeni kama baba alishamwomba msamaha kwa ile habari ya mchele.

"Msamaha?" akasema. "Jana kaniambia yamezidi sukari."