Lango Moja la Barua Pepe kwa Wateja Watatu: Vidokezo kwa Fundi wa Mabogini

Tuseme wateja wako ni shule yenye .sc.tz, ushirika wa wakulima wa mpunga wenye .or.tz na kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro yenye .co.tz. Kila mmoja ana seva yake, na wote wanalia na barua taka. Weka mashine moja mbele yao, iwe lango la barua zao. Hapa natumia Postfix, kazi ya Wietse Venema, inayopatikana bure tangu 1998.

1. Lango lisikae Mabogini. Kodi seva ndogo yenye anwani ya IP isiyobadilika, na mwenye seva akuwekee rekodi ya PTR. Umeme ukikatika kwa mteja, lango linashika barua kwenye foleni. Postfix isipoguswa hujaribu tena kwa siku 5.

2. Taja vikoa, kisha taja watu. Vikoa vinaingia kwenye relay_domains, na transport_maps inaelekeza kila kikoa kwenye seva yake. Mafundi wengi huishia hapo, na balaa huanzia hapo hapo. Bila orodha ya anwani halali (relay_recipient_maps), lango linapokea barua ya mtu asiyekuwepo, seva ya ndani inaikataa, halafu lango linamrudishia “mtumaji”, ambaye mara nyingi ni mtu baki aliyeibiwa anwani. Ukiendelea hivyo IP yako itaingia orodha nyeusi, na wateja wote watatu wataumia kwa kosa la kikoa kimoja. Kataa kwa 550 wakati mtumaji bado yuko mlangoni. Fanya kama wakulima wa skimu ya Lower Moshi: hufunga maji mferejini. Hawasubiri yajae kwenye majaruba.

3. Orodha ya mynetworks iwe fupi: seva za wateja wako tu. Ukiipanua ovyo, matapeli watatumia lango lako kutuma taka zao.

4. Kila kikoa kiwe na kipimo chake. SpamAssassin, programu ya kuchuja taka, isipoguswa huhesabu barua kuwa taka ikifikisha alama 5. Shule inaweza kubaki hapo. Kampuni ya wageni isibanwe hivyo: riziki yake ni barua za watu wasiojulikana, wanaoandika kutoka kila pembe wakiuliza bei na namna ya kutuma fedha, yaani maneno yale yale ya matapeli. Za kutiliwa shaka ziwekwe karantini, na mtu azipitie kila asubuhi. Ifundishe programu barua za Kiswahili pia. Sehemu yake ya kujifunza haianzi kazi kabla ya kuona taka 200 na barua safi 200.

5. Orodha ya kijivu, ile ya kumwambia mgeni “rudi baadaye”, inapunguza taka kweli. Ila namba ya uthibitisho ya benki inaweza kufika muda wake umeshakwisha. Ndiyo maana mimi situmii orodha hiyo kwa ushirika.

6. Kwa barua zinazotoka, kila kikoa kiwe na SPF, DKIM na DMARC zake. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti, hasa kwa wanaotuma nyingi.

7. Seva za ndani zipokee barua za nje kutoka kwenye lango tu, la sivyo matapeli watapita uani. Huko ndani zima ukaguzi wa SPF, maana kila barua itaonekana imetoka kwako.

8. Rekodi za MX zibadilishwe mwisho, baada ya kushusha TTL siku moja kabla. Anza na shule, wakati wa likizo.