Chuo Kidogo Husimama kwa Watu Wake: Somo juu ya Walimu na Watumishi wa Chuo cha Kilutheri

Mzazi wa Kiirua, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, auzapo viazi vyake ili apate karo ya mwanawe, hutaka kujua neno moja kabla hajatoa fedha: chuo anachokwenda mtoto ni chema au si chema? Wengi hujibu swali hilo kwa kutazama majumba. Wakiona ghorofa, lango la chuma na ubao uliopakwa rangi nzuri, husema, “Hiki ndicho chuo.” Lakini majumba hayafundishi. Katika somo la juma hili twataka kuonyesha ni nani hasa wanaokifanya chuo kiwe chuo, na kwa sababu gani chuo kidogo chahitaji uangalifu kupita kikubwa. Mfano wetu ni vyuo vya Kilutheri, ambavyo habari zake zina mafundisho mengi.

Kwa nini mfano utoke mbali?

Watu wa Meru na Embu wamezoea misheni nyingine. Waanglikana walianza kazi Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Na Wapresbiteri wa Scotland walifika Chogoria mwaka 1922. Wakatoliki nao wana kazi kubwa katika Meru, na hospitali ya misheni iliyoko Kiirua ni yao. Walutheri hawakuja upande huu. Katika Kenya, wamisionari wa Kilutheri kutoka Sweden walianza Itierio, katika nchi ya Kisii, mwaka 1948, na baadaye chuo cha kuwafundisha wachungaji kikawekwa Matongo, katika Nyamira.

Lakini chuo cha Kilutheri kilichojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki kipo Makumira, karibu na Usa River, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Mahali hapo pia huitwa Meru, lakini msomaji asichanganye mambo: ni Meru ya Tanzania, chini ya Mlima Meru, na Wameru wa huko wana lugha yao iliyo karibu na Kichagga, wala si Kimeru cha Imenti na Tigania.

Asili ya jambo hili

Jina la Walutheri latokana na Martin Luther. Watu humkumbuka kwa kugombana na Papa mwaka 1517, lakini husahau kwamba kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu. Alifundisha Maandiko katika chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, chuo kilichokuwa kipya na kidogo, kwa maana kilianzishwa mwaka 1502. Mwaka 1518 alikuja kufundisha Kiyunani kijana wa miaka 21, jina lake Philipp Melanchthon, na kwa sababu ya walimu hao wawili wanafunzi walitoka nchi nyingi kuja katika mji ule mdogo. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule za wavulana na za wasichana pia, na waweke maktaba nzuri.

Tena yupo mtu mwingine ambaye hakuwa na cheo chochote katika chuo kile. Naye ni Katharina von Bora, aliyeolewa na Luther mwaka 1525. Walikaa katika nyumba iliyokuwa zamani ya watawa, na wanafunzi wengi walipanga humo. Katharina ndiye aliyelima bustani, akafuga wanyama, akapika pombe ya shayiri, akapokea kodi ya wapangaji na kuhakikisha kwamba watu wote wamekula. Luther alisifiwa kwa mafundisho aliyoyatoa mezani, lakini meza ile iliandaliwa na mkewe. Tangu mwanzo, basi, chuo kilihitaji watu wa namna mbili: wenye kufundisha, na wenye kuwawezesha wengine kufundisha na kujifunza.

Habari za Makumira

Katika Tanganyika, Walutheri walianza kufundisha walimu wa shule kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Marangu katika Kilimanjaro palijulikana sana kwa kazi hiyo. Kisha vita vikaja. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa katika nchi, na hawakuanza kurejea ila mwaka 1925. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wengi walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Walutheri wa Marekani na wa Sweden walisaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa kazi ile. Walioendelea kufundisha watoto, kuongoza ibada na kutunza majengo walikuwa walimu Waafrika na wainjilisti, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa katika vitabu.

Fundisho la vita lilikuwa wazi: kazi iliyotegemea wageni peke yao yaweza kukatika kwa siku moja. Kwa hiyo mwaka 1947 makanisa ya Kilutheri yalianzisha chuo kimoja cha wachungaji huko Lwandai, karibu na Mlalo, katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 chuo kilihamia Makumira. Mwanzoni walimu wake walikuwa wageni kutoka Ulaya na Marekani, lakini kidogo kidogo nafasi zikashikwa na wenyeji waliokwenda kusoma zaidi na kurudi. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Tanganyika, na mkuu wake wa kwanza akawa Stefano Moshi, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Tangu mwaka 1968 jarida la elimu ya dini kwa ajili ya Afrika likatolewa Makumira. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri wa Dunia, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Mwaka 1997 chuo kile cha wachungaji kikawa chuo kikuu kishiriki, na leo hufundisha hata sheria, ualimu na muziki.

Kazi ya kila mmoja

Sasa tutazame watu wa chuo kidogo, kila mmoja na kazi yake.

Mkuu wa Chuo huongoza kazi yote na kujibu mbele ya Baraza la Chuo, yaani watu waliowekwa na kanisa au wenye chuo kukisimamia. Yeye si mwenye mali, bali ni mtunzaji.

Wakufunzi hufundisha. Mkufunzi mwema hasomi maneno ya kitabu tu, bali hutayarisha somo, husahihisha kazi kwa wakati, na huendelea kujifunza yeye mwenyewe. Katika chuo cha dini wapo wa Agano la Kale, wa Agano Jipya, wa historia ya kanisa, na wa lugha za Kiebrania na Kiyunani.

Msajili hutunza majina, alama na vyeti. Kosa lake moja laweza kumzuia kijana kupata kazi miaka kumi baadaye.

Mhasibu hupokea karo na kutoa stakabadhi, na kulipa mishahara. Chuo kisichofunga hesabu zake vizuri huanguka hata kama walimu wake ni hodari.

Mkutubi hutunza vitabu na kumwonyesha mwanafunzi njia ya kuvipata. Kasisi wa chuo na mshauri wa wanafunzi huwasikiliza wenye huzuni na matatizo.

Mwisho, lakini si kwa thamani, wapo mpishi, mlinzi, dereva, fundi na mtunza bustani. Mpishi akichelewa, somo la kwanza huchelewa. Mlinzi akilala, vitabu huibiwa. Wanafunzi wengine huwadharau watu hawa kwa kuwa hawana shahada. Dharau hiyo ni ujinga. Mtumishi aliyekaa miaka mingi mara nyingi huzijua desturi za chuo kuliko mkufunzi aliyekuja jana, naye yafaa asalimiwe kwa heshima ile ile apewayo mzazi.

Hesabu kidogo

Tuseme chuo kina wakufunzi 6, na kila mmoja hufundisha vipindi 12 kwa juma. Jumla ni vipindi 72. Mmoja akiugua au akihamia mahali penye mshahara mkubwa, vipindi 12 hukosa mwalimu. Waliobaki ni 5. Kila mmoja akiongezewa vipindi 2, vipindi 10 hupata mwalimu, na bado 2 havina mtu. Basi sehemu moja katika sita ya kazi yote imetikisika kwa sababu ya mtu mmoja. Katika chuo kikuu chenye wakufunzi 600, kuondoka kwa mmoja ni sehemu moja katika mia sita.

Hiyo ndiyo hatari ya udogo. Lakini udogo una faida yake pia: mkufunzi huwajua wanafunzi wake kwa majina, na mtoto akianza kupotea huonekana mapema. Faida hiyo hupatikana tu ikiwa walimu wanakaa, na walimu hukaa ikiwa wanalipwa kwa wakati na kuheshimiwa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi aendapo kutazama chuo, cha dini au cha ufundi, na aulize haya. Kwanza, je, chuo kimesajiliwa? Katika Kenya vyuo vya ufundi husimamiwa na mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na vyuo vikuu na tume iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012. Pili, wakufunzi wa kudumu ni wangapi, na wamesoma wapi? Tatu, wamekaa muda gani? Walimu wakibadilika kila muhula, pana ugonjwa ndani. Nne, aingie maktaba aone kama vitabu vinasomwa au vina vumbi. Tano, apite jikoni awasalimu wapishi, na asikilize wanavyoongea juu ya mahali pao pa kazi. Sita, asitoe fedha pasipo kupewa stakabadhi.

Mzazi auzaye viazi gunia kwa gunia hana fedha za kulipa mara mbili. Akikosea chuo, hasara si ya karo tu, bali ni miaka ya ujana wa mtoto, nayo hairudi. Basi na atazame watu kwanza, kisha majumba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa sababu gani Katharina von Bora aweza kuitwa mtumishi wa chuo, ijapokuwa hakuwa na cheo?
2. Vita vya mwaka 1939 viliwafundisha nini Walutheri wa Tanganyika?
3. Chuo kina wakufunzi 8, na kila mmoja ana vipindi 14. Wawili wakiondoka, kila aliyebaki ataongezewa vipindi vingapi, na vitabaki vingapi visivyo na mwalimu?
4. Taja kazi tatu katika chuo ambazo si za kufundisha, na ueleze madhara yatakayotokea zikifanywa vibaya.