Pikipiki ya Kabureta Ipate Injekta: Hesabu Yake na Hatari Zake

Katika somo hili nataka kueleza jinsi pikipiki ya zamani yenye kabureta inavyoweza kugeuzwa ili petroli yake ipimwe na kompyuta na kupulizwa na injekta. Jambo hili si la kufurahisha akili tu. Mjomba wangu, bwana shamba mstaafu akaaye karibu na Kabale, ana Honda CG125 ya zile za mwanzo, nayo ndiyo miguu yake. Hana chombo kingine cha kumfikisha shambani wala sokoni. Siku hizi plagi yake huwa nyeusi kama chungu cha kupikia, moshi nao mweusi, na mlimani injini hukohoa. Alipokuja Kampala aliwauliza wanachama wa Chama chetu cha Sayansi, "Vijana, hiyo mitambo ya kompyuta iliyo katika pikipiki mpya, hamwezi kuitia katika hii yangu?"

Tulimjibu, "Tupe nafasi, Mzee, tufanye hesabu kwanza." Hesabu yenyewe ndiyo hii.

Yatupasa kuanza na kabureta. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kutoka nje. Hewa hiyo hupitishwa katika koo jembamba, na ipitapo hapo huenda mbio na kanieneo yake hupungua. Chini ya koo kuna kibakuli cha petroli chenye floti. Kwa kuwa juu kanieneo imepungua, petroli husukumwa ipande katika tundu dogo liitwalo jeti, ikachanganyika na hewa. Hewa ikienda mbio zaidi, petroli hupanda zaidi. Hakuna waya wala betri katika kazi hiyo. Mimi husema kwamba aliyebuni kitu hiki alistahili sifa kubwa, maana mpaka leo bodaboda nyingi za mji huu zingali zikitembea kwa kabureta.

Sasa tazameni kasoro yake. Ili petroli iungue yote pasipo kubaki, gramu 1 ya petroli hutaka karibu gramu 14.7 za hewa. Ni gramu, yaani uzito, wala si lita. Lakini kabureta haijui uzito wa hewa. Yajua mvuto tu. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 13, ikiwa joto ni sawa. Kabale, kwenye karibu mita 1,900, upungufu ni kama asilimia 20. Je, petroli nayo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo? La. Waliosoma kanuni ya Bernoulli wataona kwamba petroli hupungua kwa kipeuo cha pili tu. Kipeuo cha pili cha 0.87 ni 0.93. Basi kabureta iliyopimwa vizuri Mombasa ikiletwa Kampala, kila gramu ya hewa hupewa petroli zaidi kwa karibu asilimia 7. Ikifika Kabale, ziada ni karibu asilimia 12. Mafuta hayo ya ziada hayana hewa ya kuyaunguza, ndipo yanapogeuka masizi na moshi.

Lakini tusimsingizie mlima makosa yote. Asilimia 12 haitoshi kuifanya plagi iwe nyeusi namna ile. Ndani ya kabureta ya zamani mna sindano ipandayo na kushuka katika tundu lake kila mara dereva anapozungusha eksileta. Miaka ikipita, vyote viwili hulika, tundu likawa pana, na petroli ikapita bila kiasi. Tena kichujio cha hewa kikijaa vumbi, injini hukosa pumzi na mchanganyiko huzidi kuwa mzito. Kwa hiyo kabla hata ya kutaja kompyuta tulimwambia mjomba anunue sindano mpya pamoja na tundu lake, na jeti ndogo kuliko ile aliyo nayo, na asafishe kichujio. Kwa mtu akaaye mahali pamoja, dawa hiyo ya bei ndogo humaliza sehemu kubwa ya ugonjwa.

Injekta hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ni bomba dogo lenye mlango unaofunguliwa na sumaku ya umeme. Pampu huisukuma petroli mpaka mlangoni kwa nguvu ya karibu mara tatu ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Nguvu hiyo haibadiliki, basi kiasi cha petroli hutegemea muda ambao mlango uko wazi. Kuipima petroli ni kuupima muda.

Tuchukue injini ya mjomba. Silinda yake ni sentimita za ujazo 124. Usawa wa bahari, lita 1 ya hewa ina uzito wa karibu gramu 1.2, basi silinda iliyojaa ina gramu 0.149. Gawanya kwa 14.7, utapata gramu 0.010, yaani miligramu 10 za petroli. Kiasi hicho ni kama tone dogo! Kampala zatakiwa karibu miligramu 9, na Kabale 8. Tukiwa na injekta itoayo sentimita za ujazo 120 kwa dakika, hiyo ni karibu miligramu 1.5 kwa kila milisekunde. Kwa hiyo Mombasa mlango utakuwa wazi milisekunde 6.7, Kampala 6, Kabale 5.3. Tena huongezwa kama milisekunde 1, kwa sababu sumaku haiwezi kuufungua mlango papo hapo. Je, muda upo? Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, petroli hutakiwa mara 4,000, maana ni injini ya mipigo minne. Kila mara ina nafasi ya milisekunde 15. Muda upo, na unabaki. (Kwa kweli silinda haijai kabisa kila inapovuta, lakini hesabu hii inatosha kuchagua injekta.)

Kompyuta itajuaje muda wa kuhesabu? Huambiwa na vihisi. Kimoja husoma meno ya chuma kwenye gurudumu la magneti. Meno 12 na moja limeondolewa, na pengo hilo huiambia kompyuta pistoni iko wapi na inakwenda mbio kiasi gani. Cha pili huonyesha eksileta imefunguliwa kiasi gani. Cha tatu hupima joto la injini, kwa sababu injini baridi hutaka mafuta zaidi. Hapo ndipo choki inapostaafu. Cha nne hupima kanieneo ya hewa ya mahali pale, nacho ndicho kijuacho kwamba sasa tuko Kabale wala si Kampala. Cha tano hukaa katika bomba la moshi, kikionja kama oksijeni imebaki. Kile cha kawaida hutoa karibu volti 0.9 mafuta yakizidi na karibu 0.1 hewa ikizidi, na huvuka 0.45 pale mchanganyiko ulipo sawa. Fundi hujaza jedwali katika kompyuta, mstari kwa mstari, akikitazama kihisi hicho.

Ufundi huu si mgeni duniani. Volkswagen iliuza motokaa zenye kompyuta ya petroli ya Bosch tangu mwaka 1967, na Kawasaki ikatoa pikipiki yake ya Z1000-H1 mwaka 1980. Jambo lililotufungulia mlango sisi wanafunzi ni jingine: mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ambayo mtu aweza kuiunga mwenyewe kwa risasi na pasi ya umeme. Siku hizi iko pia Speeduino, iliyojengwa juu ya Arduino Mega, kibao kile kile tukitumiacho katika maabara kuwashia taa za majaribio. Na kwa kuwa India ilikaza sheria zake za moshi tarehe 1 Aprili 2020, viwanda vyake vimetengeneza pikipiki ndogo nyingi zenye injekta, na vipuri vyake vyafaa kwa injini ya kadiri hii.

Basi mbona hatujaanza? Kwa sababu ya umeme. CG125 za mwanzo zilikuwa na volti 6, na magneti yake ilifanywa kuwasha taa na kuchaji betri ndogo, basi. Honda waliibuni pikipiki hii kwa ajili ya nchi ambako watu hubebesha mizigo mizito na kuchelewa kuitengeneza, na uvumilivu wake ni huu: plagi hupata umeme kutoka koili yake yenyewe katika magneti. Betri ikifa, mjomba hupiga kiki na kwenda zake. Mimi nimemwona akienda hivyo kwa miezi. Ukitia injekta, pampu peke yake yataka wati 20 hadi 25. Injekta, kompyuta na vihisi vyaongeza vyao. Bado taa ya mbele wati 35. Betri ikifa hapo, pampu haisukumi, kompyuta haihesabu, na kiki haisaidii kitu. Mzee wa miaka 70 atakuwa amesimama mlimani jioni, na duka la vipuri liko mbali.

Hata betri ikiwa dhaifu tu, bila kufa, kuna taabu. Injini ikinguruma polepole bila mzigo, mlango wa injekta huwa wazi kama milisekunde 2 au 3, na moja katika hizo ni ya kungojea sumaku. Volti zikishuka, kungojea huzidi, na mafuta hupungua vibaya. Kompyuta hurekebisha ikiambiwa, lakini yenyewe haiwezi kuumba umeme. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni koili mpya za volti 12 katika magneti, kidhibiti cha volti na betri nzuri. Mafundi wa Katwe husuka koili kwa mkono, na vipuri hutafutwa Kisekka, hilo lawezekana.

La pili ni petroli yenyewe. Tangi la zamani lina kutu, na petroli ya chupa za kando ya barabara mara nyingi ina vumbi na maji. Jeti ikiziba, mjomba huitoa na kuipuliza kwa mdomo. Injekta haipulizwi kwa mdomo. Kichujio chembamba ni cha lazima. Mpira wa petroli nao lazima uwe wa kustahimili nguvu ya pampu na ukazwe kwa vibanio vya chuma. Mpira wa kawaida hupasuka, na petroli hunyunyizia injini ya moto. Tena petroli iliyozidi hurudishwa tangini, basi hutakiwa tundu jipya. Nawasihi wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili: tangi tupu la petroli lina mvuke, na mvuke huo hulipuka kuliko petroli yenyewe. Asilichomelee mtu kwa sababu ameona halina kitu ndani.

Wako wenzetu waliosema, "Itoeni injini, mtie mota ya umeme." Kweli, Kampala zipo bodaboda za umeme ambazo hubadilishiwa betri vituoni, na mjini zinafaa. Kwa safari za mjomba hilo ni somo jingine, na bei nyingine.

Chama kiliamua hivi. Pikipiki ya mjomba imepata sindano na jeti mpya, na kabureta yake itabaki mahali pake. Sisi tumepewa injini nyingine ya CG125 ambayo fremu yake ilivunjika, nayo tumeifunga juu ya meza nyuma ya maabara. Hiyo ndiyo tutakayoitia injekta. Ikiweza kuwaka asubuhi 30 mfululizo kwa umeme wake yenyewe, bila kuazima betri ya nje, tutampelekea mjomba habari, naye ataamua mwenyewe. Kabureta akaiweke katika kopo lenye mafuta, ili siku ya shida irudi mahali pake kwa spana mbili.

Meno 12 yamekwisha kukatwa, na kibao cha kompyuta kimeungwa. Kinachokosekana ni magneti ya volti 12 ya zile CG125 za baadaye. Ikiwa yuko mwanafunzi wa zamani aliye na injini kama hiyo imelala bandani, hata kama imekufa kabisa, tafadhali amwandikie katibu wa Chama cha Sayansi kwa anwani ya shule. Tutakuja kuifungua wenyewe, na nati zote tutazirudisha.