Ugonjwa wa Ngozi Unaotibiwa kwa Zinki

Mtoto ameachishwa ziwa, mara ngozi inachubuka mdomoni, makalioni, mikononi na miguuni. Nywele zinanyonyoka, kuhara hakukomi. Majirani huanza kumtazama mama, na wengine kati yetu hutaja laana. Tuache. Upo ugonjwa wa kurithi, akrodematitisi enteropathika, ambao utumbo hushindwa kufyonza zinki ya chakula. Ile ya maziwa ya mama hufyonzwa kwa urahisi, ndiyo maana mtoto huugua akiachishwa. Baba na mama wote hubeba kasoro hiyo bila kuumwa. Ugonjwa huu ni wa nadra, na utapiamlo nao huleta vidonda kama hivyo, basi daktari ndiye apambanue.

Zamani wengi walikufa. Mwaka 1974 daktari Moynahan wa London aliandika kwamba kinachokosekana ni zinki.

Hapa ndipo tunapokosea. Zinki ya kuharisha tuliyoizoea zahanati hutolewa siku 10 hadi 14, basi. Mtoto huyu huimeza kila siku, maisha yote, kwa kawaida miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kuhara hukoma baada ya siku chache, ngozi hupona kwa majuma machache, na mzazi huona kazi imekwisha. Akiacha, vidonda hurudi. Wala tusiongeze dozi kwa huruma: zinki ikizidi hupunguza madini ya shaba mwilini, na daktari hupima damu kwa ajili hiyo. Familia inayohama au kurudi nyumbani ibebe cheti cha hospitali, na vidonge vya safari nzima.